Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Jumatatu, 7 Juni 1999
Nimeanza kutengeneza programu ya hesabu ya chama cha akina mama wa Kibera. Mimi, Shiundu, niliyeachia shule Form Two! Mwenyekiti, Mzee Benard, amesema programu ikipita, mwenye kuitengeneza atapewa ufunguo wa kile chumba nyuma ya posho mill, kile kinu cha unga, chenye kompyuta. Ufunguo! Nitauvaa shingoni. Hadi mtaa wa Olympic watanisikia nikipita.

Programu ni ya bure, ya wazi. Nimeandika juu kabisa: soma, nakili, badilisha, lakini jina langu usiguse. Mimi si mkono wa birika.

Jumanne, 8 Juni
Adero wa mtaa wa Ayany amekuja kuchungulia. Ana cheti cha kompyuta, basi hatupumui. Eti data ikae ndani kama jikoni mwa hoteli: mteja anaagiza dirishani, haingii kushika sufuria. Na kila mwanachama apewe namba. Nikamwambia dirisha nalichukua, lakini namba? Hawa ni mama zetu, si mahabusu! Nawahifadhi kwa majina wanayoitwa. Nani hajui Mama Benard, huyu mshonaji jirani yetu, mwenye mtoto Benard? Akauliza, na jina likibadilika? Nikacheka mpaka jirani akagonga mabati.

Dirisha nimeliweka. Nimejiachia pia mlango wa nyuma wa kuingilia jikoni. Fundi apange foleni kwake mwenyewe?

Alhamisi, 10 Juni
Nimetembea hadi Kawangware kwa Wakarima, mwenye kompyuta za kukodisha, kuichapa programu kutoka daftari langu na kuitia kwenye disketi. Alishangaa kwamba mtu wa viatu kama vyangu ameandika kitu kikakubali kuwaka. Wivu! Nimempa Adero nakala moja, asome alie.

Mama Benard amejifungua mapacha. Hongera zake. Hainihusu.

Jumamosi, 26 Juni
Siku yangu ya kuonyesha programu! Chumba kimejaa. Wa kwanza kutaka akiba yake, ya maziwa ya watoto, ni Mama Benard. Wenzake wakapiga kelele: usimwite hivyo tena, sasa ni Mama Mapacha! Ukizaa wawili, jina la zamani linaachwa. Nikaandika Mama Mapacha. Kompyuta ikajibu hakuna mtu kama huyo. Mama akashika kiuno: "Nimeongeza wawili, halafu mimi ndiye nimepotea?"

Sikutetemeka. Nikapitia mlango wa nyuma, nikaamuru kila penye Benard pawe Mapacha. Akiba ikatokea! Makofi! Kisha nikafungua orodha ya viongozi, nijionyeshe kidogo. Mwenyekiti: Mzee Mapacha. Manze! Kicheko kilifika mtoni. Mzee akauliza yeye amejifungua lini.

Adero akatoa disketi. Programu yangu ile ile, ila ndani kila mtu ana namba, na jina ni la kubandika tu juu. Akabadilisha pahali pamoja, mama akapatikana, Mzee akabaki Mzee. Na mlango wangu wa nyuma ameuziba! Akina mama wakasema hiyo ndiyo tunataka.

Nilikuwa nusu nje nikitoroka, Mzee aliposoma juu ya kioo: Imetengenezwa na Shiundu. Adero hakuligusa, maana niliandika lisiguswe! Mzee akasema neno ni neno, ufunguo ni wa mwenye jina. USHINDI! Adero akacheka, akanyoosha kidole mlangoni: "Haya, bosi, uwe ukinifungulia mapema nifanye kazi."

Jumapili, 27 Juni
Nimeuvaa ufunguo kanisani, vifungo vya shati wazi. Adero ananishauri nijifunze mambo ya namba. Nijifunze nini, na nimeshinda?

Tayari nina programu mpya: ya wapangaji wa ploti yetu. Namba sitaki. Majina yanageuka, hilo nimeliona kwa macho yangu. Hawa nitawahifadhi kwa rangi za milango. Akoth kijani, Opondo nyekundu, Nduku manjano. Mlango hauzai mapacha!

Mwenye ploti ameshusha mikebe mingi ya rangi ya bluu pale uani, na brashi mbili. Sijui ya nini. Hainihusu.