Leo Nimejipigia Mpaka

Jamani, mimi leo si wa kutazamwa usoni. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya akida, mbele ya askari, mbele ya mke wangu na kuku wake.

Rajabu alikuwepo. Rajabu, nakuomba usiseme neno, niache nisimulie mwenyewe.

Mnajua jumbe wetu wa mtaa alifariki mwezi uliopita, Mungu amrehemu. Mnajua pia nani aliyefaa kushika nafasi yake. (Mimi.) Nani anawashonea kanzu mtaa mzima? Mimi. Nani anaweza kusimama mbele ya Mdachi akasema maneno yake bila magoti kugongana? Mimi. Wako waliomtaka Mzee Kibwana, muuza tumbaku. Mtu mwema, sikatai. Lakini ukimwuliza habari za asubuhi, anakujibu jioni.

Akida hakutaka ugomvi ufike bomani. Akaamuru leo asubuhi wenye nyumba wote wa mtaa wakusanyike, kila mmoja asimame nyuma ya mtu anayemtaka. Mwenye mstari mrefu, jina lake lipelekwe kwa Bwana Shauri, yule Mdachi wa bomani. Ila kwanza mpaka ujulikane, maana upande wa mlimani hakuna anayejua mji unaishia wapi na kijiji kinaanzia wapi.

Hapo akili yangu ikachemka. Ndugu zake Kibwana wamejenga kule juu, kati ya mfereji na njia ya mlimani. Wengi kama siafu! Mpaka ukiwa ile njia, wamo mtaani, na wote watasimama nyuma ya ndugu yao. Mpaka ukiwa mfereji, hawamo. Na nyumba yangu mimi iko chini ya mfereji, upande wa mjini. (Ndivyo nilivyoamini. Endeleeni na kahawa.)

Basi asubuhi nimeamka, nimeoga, nimevaa kanzu mpya niliyojishonea kwa ajili ya leo, yenye nakshi kifuani. Nimemwambia mke wangu, Mwanaidi, abandike pilau la kuutosha mtaa. Nimetoka nikitembea kama mtu aliyekwisha kuwa jumbe.

Tumekusanyika. Akida ameketi kitini, askari amesimama na mambo zake, vile vigingi vya kupigia mpaka, na nyundo. Nikaomba kusema.

"Bwana Akida, njia ya mlimani ni kitu cha miguu. Leo watu wanapita hapa, kesho wanapita pale. Mtu mkubwa kama wewe hawezi kuweka mpaka juu ya nyayo za mbuzi. Lakini mfereji! Maji hayana ndugu wala rafiki. Mpaka na uwe mfereji."

Watu wangu wakashangilia. Ndugu zake Kibwana wakapiga kelele, wamejua wanatolewa. Akida akawanyamazisha, akamgeukia Kibwana.

"Na wewe mzee, unasemaje?"

Kibwana akafikiri. Akafikiri tena. Tukangoja.

"Mfereji ni mzuri," akasema. "Mimi nakubali."

Kisha akanitazama kwa huruma. Nikadhani ni uzee!

Tukaanza safari ya kupiga mpaka. Mimi mbele kabisa, ingawa hakuna aliyenituma. Nikimwonyesha akida kila kona: "Hapa, bwana. Na hapa." Askari akawa anapigilia mambo polepole, kama mtu anayeogopa kuiumiza ardhi. Uvumilivu ukanishinda.

"Lete nyundo," nikamwambia. "Nitapigilia mwenyewe."

Akanipa kwa furaha. Nikapandisha kanzu mpaka magotini, nikaanza kazi. Mambo ya kwanza, pa! Ya pili, pa! Macho yangu chini kwenye maji, nayafuata tu, huku namweleza akida jinsi nitakavyosafisha mtaa nikishakuwa jumbe. Nikainama kupigilia nyingine. Nikaona mchicha pembeni. Mzuri, mnene, wa kijani kibichi. Nikajisemea, huyu mwenye mchicha ni mtu hodari.

"Baba Zuhura!" Sauti ya mke wangu. "Unafanya nini hapo?"

Nikainua kichwa. Mwanaidi amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Nyamaza, mama. Hii ni kazi ya serikali."

"Lakini, baba Zuhura, hapo si..."

"Nimesema nyamaza!"

Akanyamaza. Nikapiga nyundo kwa nguvu zaidi ili watu waone mwanamume hakatizwi. Mambo ikazama vizuri sana. Ile mambo, hata tembo haing'oi.

Ndipo nikasikia kicheko. Kwanza kimoja, cha Rajabu. (Ndiyo, wewe.) Kisha vingi.

"Nyumba hii ya nani?" akida akauliza.

 Wote wakanitazama.

"Ya kwangu, bwana."

"Mbona iko juu ya mfereji?"

Jamani! Mwaka jana wakati wa kiangazi mfereji ulikuwa unapita nyuma ya nyumba. Mimi, kwa jembe langu, kwa mikono hii hii, niliugeuza upite mbele, nimwagilie mchicha na migomba bila kubeba ndoo. Nikasahau! Mtu unazoea. Maji yanapita mlangoni kila siku, unaona kama yalizaliwa hapo.

"Bwana Akida," nikasema, "huu si ule mfereji."

"Kwani iko mingapi?"

"Uko mmoja. Lakini ulikuwa nyuma. Mimi niliusogeza kidogo."

Kicheko kikakatika. Akida akakunja uso, askari akasogea karibu.

"Wewe umesogeza mpaka wa mji?"

Nikaona kiboko. Naapa, nilikiona kinaning'inia hewani.

"Wakati ule haukuwa mpaka, bwana! Ulikuwa mfereji tu! Umekuwa mpaka leo, na aliyeufanya mpaka ni mimi!" (Katika maneno yote niliyowahi kusema kujitetea, hayo ndiyo ya kipumbavu kuliko yote.)

 Halafu Mzee Kibwana, yule mtu wa kujibu jioni, akajibu papo hapo.

"Msamehe, Bwana Akida. Hakukusudia ubaya. Anapenda mboga."

Akida akajaribu kujizuia. Akashindwa. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka, askari akaiokota naye anacheka. Kisha akafuta machozi, akasema mpaka umekwisha kupigwa, tena kwa nyundo ya mgombea mwenyewe, hautapigwa mara mbili. Mimi si mtu wa mtaa. Nikae kando.

Nikakaa kando, pamoja na ndugu zake Kibwana niliowatoa mimi mwenyewe. Wakanisogezea nafasi. Mmoja akanipa ugoro.

Watu wangu wakabaki wametawanyika kama kuku waliokosa banda. Kisha mmoja mmoja wakaenda nyuma ya Kibwana. Rajabu hata hakutembea, alikimbia! Mstari ukawa mmoja tu, mrefu, mnyoofu. Jumbe ni Kibwana.

Pilau wamekula wao. Niliwaalika mwenyewe, ningewafukuzaje?

Nikasema angalau yamekwisha. Hayajaisha. Nje ya mji ni kijiji cha jumbe mwingine, na jumbe huyo ni Mjomba Mloka, mjomba wa mke wangu. Mimi ni mtu wa Bagamoyo, lakini nimekaa na Waluguru vya kutosha kujua kwamba kwao mjomba akisema, hata baba anasikiliza. Tangu nimwoe Mwanaidi, kila msimu ananiita nikalime, na kila msimu namjibu kwamba mimi ni mtu wa mjini, nina kazi za mjini.

Alasiri huyo, ameshuka na fimbo yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Nimesikia umehamia kwetu."

"Sijahamia, mjomba. Nimehamishwa."

"Na nani?"

Nikatazama chini. Mwanaidi akaingia ndani upesi, nikamsikia anachekea kwenye mto wa kulalia.

"Vizuri," akasema mzee. "Kesho tunatengeneza barabara ya kwenda boma, amri ya Wadachi. Watu wa mjini hawahusiki. Njoo na jembe. Nimeambiwa unalijua."

Basi ndiyo hivyo. Sijavunjika moyo, msinione hivi. Mtaa umepoteza jumbe hodari, hilo ni lao. Nami kesho nitalima mbele ya wote, kwa kishindo, hata wale wazoefu wataniuliza nimejifunzia wapi.

Ila mkipita barabarani mkaniona, nisalimieni, mwende zenu. Msisimame. Na wewe Rajabu, pita njia nyingine.