Usingizi wa Mkurugenzi Mlimani

Ofisi ya Mapumziko Yenye Tija, yenye makao yake Muhima, inautangazia umma kwa furaha kubwa kwamba katika wikendi ndefu ya sikukuu iliyopita wafanyakazi wake wote walipumzika ipasavyo. Walipumzika kwa asilimia mia moja, mahemani, kwenye mlima ulio juu ya Gatsata. Mimi Sangwa, katibu wa zoezi hilo, nilikuwepo, na kila aliyefumba macho nilimtia alama ya vema.

Haikuwa hiari. Mkurugenzi wetu, Bwana Kalisa, alikuwa amesaini imihigo ya mwaka, zile ahadi za kazi ambazo asiyezitimiza hupoteza kiti, na ahadi ya nne ilisema hakuna mtumishi atakayebaki nyumbani.

Changamoto ndogo ya kiutekelezaji ilikuwa Bwana Kalisa mwenyewe. Yeye na baridi hawapatani. Akabaki nyumbani kwake mjini, Nyarutarama, akamtuma mlinzi wa geti lake, Ndihokubwayo, Mrundi mpole mwenye usingizi mzuri, alale hemani kwa niaba yake. Barua ya uwakilishi niliiandika mimi, na sijisifu nikisema ilikuwa barua nzuri: "Mleta barua hii anakaimu nafasi ya Mkurugenzi kwa mamlaka yote hadi Jumatatu saa sita mchana, ili usingizi wake usipungukiwe hadhi." Bwana Kalisa aliisaini bila kuisoma, kama anavyosaini zote.

Kambi ni ya Mama Xavérine, mjane mwenye watoto watatu, aliyeng'oa mawe ya kiwanja kile kwa mikono yake mpaka kikakubali mahema. Kuna choo cha shimo, jiko la mafiga na sufuria ya maharage. Soketi hakuna. Ofisi yetu, kwa kuwajali wananchi, ilikuwa imeshaandaa fomu ya kumfungia kwa upungufu wa viwango vya starehe. Ilibaki saini ya Mkurugenzi, aitie palepale baada ya kujionea kwa macho yake.

Mama Xavérine alituambia mara mbili, akitupakulia, kwamba kambi ikifungwa watoto wake wataacha shule. Nililiandika chini ya "Mengineyo".

Jumatatu saa nne asubuhi nilimwekea Kaimu Mkurugenzi ile fomu mbele yake. Kwenye "Ifungwe" nilikuwa nimeshamtilia alama ya penseli, nisimchoshe. Akaisoma yote. Nilishangaa, kwani ofisini kwetu jambo hilo halina utaratibu.

"Huyu mama amekosa nini?" aliuliza.

Nikamweleza habari ya soketi.

"Kwa bosi soketi iko mingi, na usingizi anatafuta na vidonge," alisema. "Mimi hapa nimekula, nimelala. Hapa iko sawa, Bwana Katibu. Naandika iendelee."

Akafuta penseli yangu, akaandika "Iendelee, miaka kumi", akasaini, akagonga muhuri niliokuja nao mwenyewe. Mama Xavérine akakaa juu ya jiwe, akalia. Nami machozi yalinilenga, ingawa fomu haina sehemu yake.

Jumanne Bwana Kalisa alinifokea mpaka miwani ikamtoka. Aliitaka ile fomu ichanwe. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba inawezekana kabisa, aandike tu barua kwamba hakuwa mlimani. Akaiokota miwani, akanirudishia fomu.

Wakati huo taarifa yangu ilishafika kwa wakubwa wake, pamoja na picha ya mtu aliyejifunika blanketi gubigubi, nimeandika chini: "Mkurugenzi akiwa mapumzikoni." Wakubwa waliguswa sana. Mkurugenzi anayekula maharage, anayelala chini, tena anayemtetea mjane, walisema, asipotezewe muda mjini. Alhamisi ikaja barua: Bwana Kalisa ameteuliwa Msimamizi Mkazi wa Mapumziko ya Mlimani, makazi yake hemani, na nyumba ya serikali ya Nyarutarama airudishe kabla ya Jumamosi.

Kukataa angekataaje? Angelazimika kueleza ni nani aliyelala.

Nilimsindikiza mwenyewe. Mama Xavérine alimpokea kwa mikono miwili, akamwonyesha hema lake na kumkabidhi blanketi safi.

"Karibu sana, Mkurugenzi," alimwambia. "Jerikani ni ile ya njano. Maji tunachota chini kule, Gatsata."