Musiba wa ordinatere ya Papa Ngoie

Ndugu zangu, leo sina uso wa kupitisha sokoni Nchelenge. Nimetangaza kifo, watu wamekuja, wamelia vizuri kabisa, na maiti hakuna.

Munajua biro ya Papa Ngoie, ofisi ninamofanya kazi, karibu na pale wanaanika chisense, dagaa za ziwa letu. Ndani mna ordinatere moja, ile mashine wengine wanaita kompyuta. Ni hiyo inashika hesabu ya samaki zake, na ni hiyo hiyo inapokea barua za watu waliotawanywa na vita ng'ambo ya ziwa. Sasa Papa Ngoie anataka hiyo moja izae zingine ndani yake, serva, yaani mashine za kupangisha watu: moja ya kanisa, moja ya wauza samaki, kila mutu na mulango wake. Shemeji yake wa Lubumbashi ametuma CD mbili, kila moja na programu yake ya kazi hiyo.

"Bon, wewe utachagua," Papa Ngoie ameniambia asubuhi. (Mimi. Mutu wa darasa la saba.)

Niseme haki. Programu ya kwanza inajenga nyumba kamili ndani ya nyumba, kila mupangaji na jiko lake, lakini inakula nguvu ya mashine. Ya pili inagawa tu vyumba. Ni nyepesi, tena iko na tablo yenye taa: unaona serva gani inatembea na gani imezimwa. Lakini mumoja akiunguza chungu, moshi unafikia wote. Kila moja iko na uzuri wake.

Kabla sijaanza, waya wa simu ukakubali na barua ikaingia ndani ya ordinatere, jina la Ilunga juu yake. Ilunga ni mutoto wa Mama Kabedi wa sokoni, hajasikika tangu walipokimbia vita. Nikatuma mutu amuite mama haraka. Wakati wa kumungoja, nikaona nijaribu CD ya kwanza. (Kungoja mikono mitupu kunanishinda.)

Ikaingia vizuri. Ordinatere ndogo ikatokea ndani ya kubwa, kama picha ukutani. Ikaniuliza kama ninataka ijaze kioo chote. Nikakubali. Mimi nikiulizwa kitu kwa adabu, ninakubali.

Kioo kikawa bluu. Hakuna samaki, hakuna hesabu, hakuna barua. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale. Bluu tupu.

Mama Kabedi akaingia, magamba ya samaki yangali mikononi. "Iko wapi?"

"Mama, ordinatere imekufa. Nimeiua. Barua zote zimekwenda nayo."

Hakunitukana. Akashuka chini polepole, akavua kitambaa cha kichwa. "Mutoto wangu alikuwa humo," akasema. Kisha akalia, na mimi nikalia, na kilio kikatoka dirishani.

Kwetu hapa mutu akisikia kilio, haulizi kwanza. Bana Chanda, mama jirani, akaja mukono kichwani. Wanawake wa chisense wakaja, wakaketi. Muvuvi mumoja, mutu wa pirogi, akaniinamia.

"Nani amekufa?"

"Ordinatere."

Akafikiri kidogo. "Ilikuwa inaugua?"

"Hapana. Ghafula."

Akavua kofia, akaketi. Nje moto ukawashwa, unga ukaja, samaki wakaja. Papa Ngoie mwenyewe akanishika bega. "Bado uko na mimi," akasema. Hapo nikalia mara mbili.

Mama Kabedi akasimama. "Hata kama ni mashine, musiiache uchi." Akafungua kitenge chake cha juu, akaifunika, kioo mupaka vibonyezo, akaanza kukinyoosha kwa viganja, kona kwa kona, kama wanavyofanya kwa maiti. Chini ya kitenge mwangaza ukageuka, bluu ikawa kijani.

Wanawake wakarudi nyuma. Papa Ngoie akainua kitenge. Samaki zipo, hesabu zipo, barua zipo. Ile ya ndani imerudi kuwa picha ndogo ukutani. Viganja vya mama vilikuwa vimegusa vibonyezo vya kutokea nje. (Wengine wanasema ni maombi. Sibishi, nilikuwa ninaomba pia.)

"Soma," Mama Kabedi akasema.

Nikasoma: "Mama, niko muzima. Niko Lusaka, ninajifunza kushona viatu. Usilie tena."

"Amechelewa kunikataza," akasema, akicheka na kulia. Vigelegele vikafika ziwani.

Nikamuambia Bana Chanda tuwarudishie watu unga wao, kwa kuwa musiba hakuna. "Awe, mukwai," akakataa kwa adabu ya Kibemba. "Nimekwisha kusonga. Mutakula."

Tumekula. Papa Ngoie amechagua programu ya pili, ingawa ya kwanza haikukosa kitu. Anataka tablo, ionekane nani muzima kabla mimi sijafika mulangoni kutangaza. Mukicheka, chekeni polepole: walionililia wangali nje wanaosha masahani, na sijamaliza kuwaambia aksanti.