Malalamiko Dhidi ya Viputo Vinavyoshuka

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu,

Nakuandikia kwa heshima, nikijua kamati yako imezoea kesi za wanafunzi wanaoiba mitihani na kuvunja vitanda. Mimi nashtaki viputo vya hewa.

Kwa miaka mitatu, katika maabara ya ghorofa ya chini, nimekuwa nikitazama tangi la kioo linalonizidi kimo. Limejaa maji, na katikati limesimamishwa bomba lililo wazi juu na chini. Hewa inapulizwa chini ya bomba. Viputo vinapanda ndani yake vikiyabeba maji. Vikifika juu vinapasuka na kwenda zao, na maji yanarudi chini kwa pembeni, nje ya bomba. Ndivyo yanavyozunguka, bila pangaboi wala mwiko. Viwandani, matangi ya namna hii hufuga vijidudu vya kutengenezea dawa, na vijidudu vinahitaji hewa, kwa hiyo ni lazima tujue hewa iko wapi. Mama yangu, kwa upande wake, anataka kujua maji hayo yatachemka lini.

Profesa anayenisimamia aliandika kanuni kabla sijaanza shule: kiputo kikifika juu, kimetoka, hakishuki. Viputo vyangu vinashuka. Ijumaa natakiwa kutetea tasnifu yangu, naye amesema hatatia sahihi mpaka vipimo vikubaliane na kanuni. Kwa kuwa kanuni haiwezi kukosea, na mimi macho ninayo, mkosaji ni kiputo. Mashtaka ni haya:

1. Kukaidi maelekezo. Katika kila viputo kumi, vitatu havitoki juu kama vilivyopangiwa. Vinageuka na maji na kushuka nayo mpaka chini, tena mchana kweupe, mbele ya kamera.

2. Kumdhalilisha mkubwa. Nilipompelekea picha, profesa alizitazama kwa mbali kama mtu anayeonyeshwa kipele, akasema, "Binti, hayo ni mapichapicha ya kioo. Kafute." Nikamwomba ashuke aone mwenyewe. Akasema magoti yanamsumbua. Magoti hayo hayo humpandisha ghorofa ya nne kila kwenye kikao chenye chai.

3. Uchochezi. Viputo vikubwa bado vina adabu. Vidogo ndivyo vinavyoasi. Fundi wa maabara aliniambia, "Dada, hivi vidogo havijasoma kitabu cha mzee." Naomba maneno hayo yaingizwe kwenye kumbukumbu, ila fundi asiitwe, ana watoto.

4. Mtandao mpana. Nimechunguza hata nje ya chuo. Chini ya maporomoko ya maji, hewa inazamishwa hadharani. Fungua bomba kwa nguvu juu ya ndoo, vivyo hivyo. Uasi huu umekuwapo tangu kabla profesa hajazaliwa, bila yeye kuarifiwa.

Kwa hiyo naomba viputo vyote vyenye upana usiofika milimita mbili visimamishwe masomo. Maji yapewe onyo la maandishi kwa kuvihifadhi. Maporomoko yatakiwe kujieleza ndani ya siku saba. Ikishindikana, iundwe kamati ndogo ya kumshusha profesa ngazi, kwa kiti ikibidi, atazame dakika tano tu. Mimi sifuti kitu.

Wasalimie wajumbe wote, karani wa mihuri, na wote wa nyumbani kwako.

Wako, anayetii kanuni kuliko hewa,

Mwanafunzi wa uzamivu, ghorofa ya chini

Baada ya sahihi: Nilikuwa nafunga bahasha fundi aliponiuliza tangi naliosha kwa kitu gani. Nikajibu kwa fahari: kwa sabuni ya maji, kila Jumatatu. Akashika kichwa. "Dada! Sabuni inavizuia kuungana, ndiyo maana vinabaki vidogo na maji yanavikokota chini!" Tumesuuza mara sita kwa maji matupu. Tangu hapo sijaona hata kimoja kikishuka. Kanuni ya profesa, aliyoiandika kwa tangi la maji safi, ni sahihi. Naomba mashtaka yote yaondolewe. Vipimo vyangu vitabaki, vikiwa na maelezo kwamba ni vya maji ya sabuni na kwamba mwenye sabuni ni mimi. Ijumaa nitaanza na hilo, asaini asisaini. Viputo vidogo vinashuka kwa nini, sasa najua. Kwa nini niliambiwa nifute kabla ya kuulizwa naosha kwa kitu gani, hilo bado sijalipima.