Mawe Sita Mgongoni

Jumatano, 6 Agosti

Kiongozi wetu wa chama cha wapanda milima anastaafu. Magoti! Tunamwita Mama Mizani kwa sababu alikuwa muuguzi, na ule mzani wa kuning'iniza watoto wa kliniki ndio anaopimia mabegi yetu kabla ya kila safari. Atamtaja mrithi tukishavuka Tandiko, yaani pale mlima ulipobonyea kati ya vilele viwili.

Tumebaki wagombea wawili: mimi, mtunza stoo wa shule, na shemeji yangu kinyozi, mdogo wa mke wangu. Watu wanampenda. Sijui kwa nini.

Nina mpango. Mawe sita ndani ya begi, chini kabisa, nipimwe, nisifiwe, kisha niyatupe kwenye kona ya kwanza. Akili ni nywele.

Alhamisi, 7 Agosti

Kilo ishirini na nne! Shemeji kumi na tano. Nilipigiwa makofi. Nikatazama chini kwa unyenyekevu.

Kisha Mama Mizani akakumbusha kwamba mabegi yatapimwa tena ng'ambo ya mlima. Ukipungukiwa na zaidi ya chakula ulichokula, unarudi mlimani kufuata ulichokitupa. Kanuni ilipitishwa kwenye kikao cha mwezi uliopita. Nilikuwepo. Nilikuwa nawaza hotuba yangu ya kupokea uongozi.

Nimebeba mawe kutwa nzima. Mabega yanawaka moto. Kwenye kibanda cha kulala shemeji alinikanda bila kuombwa. Ana mikono mizuri, mshenzi yule.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi wenzangu walikwenda kijitoni kunawa. Mawe yote sita yakahamia kwenye begi la shemeji, chini ya blanketi. Hesabu safi: ayavushe yeye, mimi niyarudishe kwangu kabla ya kupimwa.

Hapo ningenyamaza. Lakini mwenye kilo ishirini na nne hawezi kutembea kama anakwenda sokoni, watu wangeshuku. Nikaguna. Nikachechemea. Nikaguna tena, vizuri zaidi.

Shemeji akasimama. "Shemeji, lete begi lako. Beba langu, ni jepesi."

Nilikataa. Nilikataa sana! Mama Mizani akaamuru tubadilishane.

Kwa hiyo Tandiko nimelivuka na mawe yangu mwenyewe. Njia ni majabali matupu, kuna mahali nilitambaa kwa mikono na magoti. Na kulalamika siwezi, maana kila mtu anajua begi la kinyozi ni jepesi. Mwenzetu mmoja, mwokaji mikate, aliyekuwa nyuma yangu, aliuliza kama nina homa. Shemeji mbele yangu anapiga mluzi!

Lakini tulipofika juu, nikiri. Upepo ulitupiga usoni, mabonde mawili yakaonekana kwa pamoja, huku na huku. Shemeji alinimiminia chai kwanza, yeye baadaye. Nikafurahi. Nilisahau uongozi kwa muda wa kikombe kimoja.

Jumamosi, 9 Agosti

Tumefika ng'ambo. Sikupata hata dakika moja na yale mabegi. Shemeji alifika mbele, akalitundika langu mwenyewe. Kumi na nne. Lake, ishirini na tatu.

Mama Mizani akafungua, akayatoa mawe moja moja, akayapanga kwenye nyasi. Shemeji akanitazama, akamtazama Mama, akasema ni yake, kamwokotea dada yake azungushie maua.

Mama Mizani akanigeukia mimi. "Baba, nimepima watoto miaka thelathini. Nimeona mama akificha funguo kwenye nepi ili mwanawe aonekane kanona. Mawe yako niliyasikia yakigongana tangu juzi."

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, mbona hakusema.

"Ulikuwa unayabeba vizuri," akajibu.

Kicheko kilichofuata nadhani kimefika mjini. Kiongozi mpya ni shemeji. Nilitaka kununa nikashindwa, kwa sababu alinikumbatia mbele ya watu. Nami nimepewa cheo: mtunza mzani. Mama anasema hakuna atakayenidanganya, maana ujanja wote ninaujua. Nimekabidhiwa mzani kwa mikono miwili. Nusura nilie.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumbani. Mgongo umekufa, moyo mweupe. Mke wangu ameyapokea mawe kwa furaha, keshayapanga kuzunguka maua yake. Anasema mdogo wake ana roho nzuri. Nimekubali. Ni kweli.

Nimeuchunguza mzani wangu. Nyuma una skrubu ndogo. Ukiizungusha kidogo, begi la kilo kumi na tano linasoma tisa. Hebu fikiria kiongozi mpya anatundika begi mbele ya chama kizima, linasoma kilo tisa! Watamwondoa wenyewe. Safari hii nimefikiria kila kitu.

Ila njiani skrubu italegea, lazima niirekebishe palepale mlimani, na kwa hilo nahitaji vitu ambavyo uzito wake naujua barabara. Mke wangu akienda kanisani nitayang'oa mawe yale sita, niyaweke ndani ya begi langu, chini kabisa.