Kilo Nne Zilizosimama Bafuni

Fittja, Jumatatu, 10 Novemba 1975

Miezi mitatu ya ndoa, na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni moyo unaruka. Deusdedit wangu! Leo amerudi kazini na theluji kwenye nyusi. Nikamwambia anafanana na bwana harusi aliyemwagiwa unga. Akacheka. Kisha akanusa hewa, akauliza kwa kunong'ona kama nimepika.

Nilikuwa nimepika. Nyama na viazi. Tukala kwa zamu, jikoni, mlango umefungwa, kama wezi wa kuku.

Sababu ni shemeji Ladislaus. Mdogo wake Deusdedit, miaka kumi na saba, anasoma sekondari hapa na yuko timu ya mieleka ya shule. Jumamosi ya wiki ijayo wana mashindano Hässelby. Anatakiwa awe na kilo hamsini na saba. Alianza na sitini na mbili. Hali. Hanywi. Ananyonya limau. Anatembea na chupa ya jamu ya kutemea mate, kwa sababu mate nayo yana uzito! Anakimbia kuzunguka ziwa amevaa koti la mvua juu ya sweta tatu. Akitoka hapo anateremka chini ya jengo kujifungia kwenye bastu, ndivyo wanavyokiita kwa Kiswidi kile chumba cha joto kilicho jirani na chumba cha kufulia.

Mume wangu, ambaye ndiye mlezi wake, ameweka sheria mbili. Ya kwanza: akishuka chini ya hamsini na saba, mieleka basi. Atampima mwenyewe kila Jumapili. Ya pili: hakuna kula mbele ya mwenye njaa.

Kwa hiyo mimi, bibi harusi, sijakaa mezani na mume wangu tangu mwezi uliopita.

Na kopo la senene, wale panzi wa kukaanga wa kwetu, bado limefungwa. Mama amelituma kutoka Bukoba kwa mkono wa mwanafunzi. Shangazi alinieleza vizuri kabla sijapanda ndege: senene wa kwanza wa bibi harusi huliwa na mume pamoja na nduguye wa kiume, siku moja, sahani moja. Hapo ndipo ndoa inakaa. Deusdedit anasema anamsubiri mdogo wake. Mdogo wake anasema baada ya mashindano.

Wao wasubiri. Mimi nina akili.

Jumanne, 11 Novemba

Nimegundua siri ya mizani ya bafuni! Nilikuwa naipangusa. Nyuma yake kuna kigurudumu kidogo. Ukikizungusha, mshale unasogea.

Nimeurudisha nyuma kilo tatu. Hesabu yangu ni hii. Shemeji atapanda. Ataona amefika hamsini na saba. Atafurahi, atakula. Kopo litafunguliwa. Mimi na Deusdedit tutakaa mezani magoti yakigusana. Nimeibusu mizani.

Jioni shemeji akaingia bafuni. Akakaa humo muda mrefu. Akatoka na chupa yake ya jamu, akanipita. Hakula hata ganda la mkate.

Aliyepima baada yake ni Deusdedit. Alikuja jikoni ameshika mkanda wa suruali. Akaniuliza kama naona amekonda, maana amepoteza kilo tatu bila sababu. Nikamwambia mapenzi hukondesha. Hakucheka. Alikwenda kusimama dirishani, akawa anajishika mbavu moja moja.

Alhamisi, 13 Novemba

Saa tisa alasiri na nje giza tayari linaingia. Nilikuwa peke yangu. Nikaingia bafuni kupiga deki.

Mizani ilikuwa tupu. Hakuna mtu juu yake, hakuna hata taulo. Mshale unasema nne.

Mimi niliuacha tatu chini ya sifuri. Siri ya kigurudumu naijua mimi tu. Nikainama kuangalia. Mshale ukatetemeka kidogo, kama mtu anapohamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule.

Nimeurudisha pale nilipouacha, nikatoka kinyumenyume.

Nikashuka kwa Mama Mastula, wa ghorofa ya chini. Ni Mganda, alikimbilia huku na wanawe miaka mitatu iliyopita, na chai yake ni tamu mno. Habari za kigurudumu sikumwambia, lakini za kijana nilimwambia zote. Akauliza amepungua ngapi. Nikasema nne hivi. Akakoroga chai yake polepole.

"Mtu hapungui bure, mwanangu," akasema. "Kinachotoka kwake lazima kikasimame mahali."

Nilipanda ngazi mbio. Taa ya ngazini hapa hujizima yenyewe. Ikajizima nikiwa katikati.

Jumapili, 16 Novemba

Ijumaa nilikuta nne. Nikarudisha. Jana nikakuta nne. Nikarudisha. Leo nimekuta nne na nimeiacha. Anayetaka kusimama na asimame.

Baada ya kanisa mume wangu akampima nduguye mbele yangu. Hamsini na saba kamili! Deusdedit akampiga bega, akasema mwanaume ni nidhamu. Mimi nilimwangalia shemeji vizuri. Mizani inasema hamsini na saba. Macho yangu yanasema mengine. Masikio yake yamekuwa makubwa. Sweta aliyovaa siku ya kunipokea uwanja wa ndege, iliyombana, leo inaning'inia kama bado iko kwenye kamba. Na hana kishindo tena. Zamani nilisikia visigino vyake kuanzia kwenye lifti. Siku hizi nageuka na kumkuta yuko nyuma yangu.

Nilipomuuliza kama ana kizunguzungu alisema hapana, shemeji, ila rangi zimepungua.

Kisha Deusdedit akapanda yeye. Juma lililopita alikonda tatu, leo amenenepa nne! Akateremka. Ameacha sukari. Ameacha mkate. Sasa ninao wawili wasiokula.

Alasiri nilikuwa na zamu yangu ya kufua. Mlango wa bastu una kioo kidogo. Nikachungulia. Alikuwa ameketi wima na koti lake la mvua, macho wazi, hapepesi. Nikagonga, nikamsalimu. Jibu lilichelewa sana.

"Shemeji, usizime taa."

Taa ilikuwa inawaka. Mkono wangu haukuwa karibu nayo.

Ijumaa, 21 Novemba

Wiki nzima sikuigusa mizani. Nilikuwa naipita kwa ubavu, kama unavyompisha mgeni kwenye ujia.

Leo shemeji kawahi kurudi. Ukumbi wa mazoezi shuleni umefungwa, sakafu inapakwa rangi, kwa hiyo hapati mizani ya kule na atajipima hapa tu. Aliingia, akatoka, akashuka kukimbia. Nikajipa moyo, nikachungulia.

Sifuri. Sifuri kabisa! Wale wa kilo nne wameondoka.

Furaha yangu haikudumu. Kama hawapo bafuni, wako wapi? Nimetazama nyuma ya mlango. Nimetazama kabatini kwenye makoti. Nikajiambia: Leokadia, acha ujinga, umesoma mpaka kidato cha nne, kesho ni mashindano na hii ni bahati yako ya mwisho. Nikakirudisha kigurudumu nyuma. Tatu zilezile.

Shemeji aliporudi akaingia tena bafuni. Nikasikia kitu ambacho sijakisikia tangu Oktoba. Anacheka, taratibu, peke yake.

Safari hii imekubali! Nimemwambia Deusdedit nampenda. Akasema na yeye pia, ila anahisi mwili wake haumtaki.

Jumamosi, 22 Novemba

Nianze na asubuhi.

Nilikuta kopo la senene limefunguliwa. Nusu hakuna. Karibu yake jagi la maji, tupu. Deusdedit alikuwa bado anavaa tai na akaapa hajaingia jikoni. Shemeji alikuwa amekwisha kutangulia na wenzake. Na shemeji hali. Kwa hiyo nilijua ni akina nani. Kilo nne zilizosimama bafuni zaidi ya wiki zimeona njaa. Nikafunika kopo, nikalitia mkobani nisiliache na kilo hizo nyumbani.

Treni mpaka mjini, tukabadilisha, tukaenda mpaka karibu na mwisho wa njia, Hässelby. Ukumbi unanuka jasho na kahawa. Tulisimama mlangoni pa chumba cha kupimia. Wavulana wamepanga mstari, wamevaa chupi tu, mashavu yamebonyea, hakuna anayeongea na mwenzake. Sijawahi kuona vijana wengi hivyo wakiwa kimya hivyo. Mama mmoja wa Kizungu aliyesimama karibu yangu alikuwa ameshika ndizi iliyomenywa, anamsubiri mwanawe apite. Ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi.

Kocha wao, Severin, akasoma majina. Namba za Kiswidi nimejifunza mpaka mia, kwa hiyo nilisikia vizuri. Ladislaus aliitwa kundi la kilo hamsini na mbili.

Mume wangu akasema huyu kocha amekosea. Severin akasema hajakosea. Nafasi ya hamsini na saba ni ya kijana anaitwa Thomas, tena ndiye hodari wao. Ladislaus mwenyewe aliomba hii ya chini tangu mwezi uliopita. Akashangaa kwamba nyumbani hatujui.

Ndipo nikaona mgongo wa shemeji wakati anapanda. Unaweza kuuhesabu kama shanga.

Alikuwa amezidi. Robo tatu ya kilo. Aligeuka akatutazama, kisha akaitazama mizani kama mtu aliyesalitiwa na mama yake. Wakampa muda mfupi apunguze. Akavaa lile koti la mvua, akaelekea bastu ya pale ukumbini. Anatembea kwa kushika ukuta.

Deusdedit alimfuata ndani na suti yake, koti, viatu na tai. Mlango ukajifunga. Nilikaa nje na kopo langu la senene. Wale wavulana waliopungua wakanitazama wote.

Mlango ulipofunguka mvuke ulitangulia. Kisha mume wangu, amembeba Ladislaus mikononi, kama alivyonibeba mimi Agosti kuvuka kizingiti.

"Huyu ni mwepesi kuliko sanduku lako, Leokadia," akasema. Sauti haikuwa yake.

Shemeji alifumbua macho. Midomo imepasuka.

"Kaka, nipitishe kwanza kwenye mizani."

Mume wangu akaketi naye sakafuni. Akaomba maji, akayatia kiganjani, akamwekea mdomoni. Mtoto akafumba mdomo. Akakataa maji! Basi Deusdedit akanywa yeye mwanzo, akasema tunywe wote, mdogo wangu, mimi pia nina kiu tangu mwezi uliopita. Ndipo akameza.

Gari la wagonjwa likaja. Nimempenda mume wangu leo kuliko siku ya harusi. Lakini naogopa kuingia bafuni.

Jumapili, 23 Novemba

Atapona! Daktari amesema figo zimepona chupuchupu. Amelazwa na dripu mkononi, uso umeanza kurudi mahali pake. Mieleka basi mpaka mwakani, na ataruhusiwa kesho kutwa.

Nikatoa kopo mkobani. Muuguzi akachungulia ndani, akaona miguu, akaenda kufungua dirisha. Daktari kasema chumvi kidogo haina neno. Ndugu hawa wawili wakala senene wangu kwenye mfuniko wa kopo, wakigongana vidole. Siku moja, sahani moja! Nililia mpaka muuguzi akadhani kuna msiba. Ndoa imekaa!

Akiwa anatafuna, shemeji akasema yote. Mizani ya nyumbani ina kigurudumu. Alikuwa anakipandisha nne ili kaka yake aone hamsini na saba na asimkataze. Lakini kila akipandisha, akirudi anakuta kimeteremshwa. Nyumba nzima hakuna anayekijua. Akasema hakupata usingizi. Alijua ni marehemu baba yao, anamkatalia.

"Halafu juzi nikasema basi, mzee, nitakuheshimu. Nikaiweka sifuri, nijue ukweli," akasema. "Nikaenda kukimbia, niliporudi nikapanda nikaona arobaini na tisa. Nikajua amenipa ruhusa ya kula. Nikala wale senene, shemeji, alfajiri. Nikanywa maji yote."

Deusdedit macho yakamjaa machozi. Akasema ndivyo alivyokuwa baba, mkali, lakini mwisho anakupa chakula. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama mimi nimewahi kuigusa ile mizani.

Nikauliza mizani gani. Nikamrekebishia shemeji mto.

Ningeweza kusema. Lakini walikuwa wameshikana mikono, marehemu baba yuko katikati yao. Ningemfukuza vipi?

Jumatatu, 24 Novemba

Deusdedit kabla ya kwenda kazini aliibeba mizani mpaka chumba cha taka, akaiweka uso ukitazama ukuta. Akanibusu paji la uso. Akasema nyumba hii haitapima mtu tena.

Nilisubiri asikike kwenye lifti.

Nimekwenda kuichukua. Nina sababu! Ladislaus anarudi kesho na daktari anataka afike sitini. Kijana yule ana kichwa kigumu, akiona ameanza kunenepa ataacha kula. Nikirudisha kigurudumu nyuma kidogo, kila siku atajiona bado mwepesi, ataendelea kula. Mezani, pamoja nasi, magoti yakigusana. Safari hii ni kwa ajili ya afya, kwa hiyo si kitu kilekile.

Nimeiweka bafuni mahali pake. Saa tisa, giza limeingia. Mume yuko kazini, shemeji yuko wodini, mlango nimefunga kwa ufunguo. Kwa mkono wangu nimeweka mshale kwenye sifuri. Nikageuka kuchukua kitambaa.

Nilipogeuka tena mshale ulikuwa kwenye nne.

Nimerudisha tatu, kama kawaida yangu. Imebaki moja. Hiyo nimeiacha, nyumba ni kubwa. Kisha nikausogelea ukuta, nikampisha huyo aliyesimama apite, nikaenda jikoni kuweka sahani za kesho. Sisi ni watatu. Nimeweka nne.