Sehemu Yangu ya Firigisi

Jumatatu, 1 Oktoba 1979

Daftari langu, salamu nyingi. U mzima huko sandukuni? Tangu Pasaka sijakufungua. Sisi hapa Kianda tuko salama, Bwana asifiwe, isipokuwa hesabu.

Nanyama, mtoto wa dada yangu Sella, ameleta barua ya mwalimu. Jumatatu ijayo kuna mtihani wa sehemu: nusu, robo na jamaa zao. Akianguka, anarudishwa darasa la nne. Sella alinikabidhi mtoto huyu kwa maombi! Nitamwambia nini?

Jirani yangu Mutunga, fundi viatu, amesikia yote. Ukuta wetu ni wa mabati. Akapaza sauti kwamba mwanawe Nzembi hupata tisa juu ya kumi bila kusukumwa na mtu. Nikamjibu kwa upole wa Kikristo kwamba wangu atapata kumi. Sasa nimejifunga mwenyewe.

Jumatano, 3 Oktoba

Mbinu ya kwanza. Vitabu ndivyo vinavyomchanganya. Nitamfundisha kwa mambo ya kila siku. Nikamuuliza: mjomba wako akipaka rangi nusu ya ukuta asubuhi, na robo mchana, amepaka kiasi gani? Nikamsaidia. Moja na moja, mbili. Mbili na nne, sita. Mbili ya sita! Nilifika darasa la nne mimi.

Akachukua ndoo, akaichorea alama kwa chaki, akaenda bombani. Akatia nusu, akaongeza robo. Akarudi akaniambia kwa heshima kwamba mbili ya sita haifiki hata nusu, na maji yamepita nusu. "Mjomba, ni robo tatu."

Nikasema ndoo imepinda. Musimbi, mke wangu, alicheka mpaka akaacha kuchambua kunde. Lakini kwako sifichi, daftari: mtoto aliitazama ndoo ile kama mzee anavyotazama ng'ombe wa mahari. Mara moja tu, akaijua.

Jumapili, 7 Oktoba

Mbinu kubwa! Jana nilipaka rangi kibanda cha mtu wa Kawangware, akanilipa jogoo. Baada ya ibada nikamwalika Mutunga ashuhudie Nanyama akigawa jogoo kwa hesabu. Tulikuwa wanne. Nikatangaza mapema kwamba firigisi haimo. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, hata mtoto wa juzi anajua.

Nanyama akauliza kama kesho mwalimu naye atakubali kitu kiachwe nje ya hesabu. Mutunga akapiga meza. "Jibu swali la mtoto, Khaemba! Si wewe mzee wa kanisa?"

Nikakubali, kwa ajili ya elimu.

Nanyama akashika kisu, akaanza na firigisi. Akaniuliza kwanza, kama mwenye nyumba: robo, au moja ya nane? Mimi si mjinga. Nane inaishinda nne. Nikadai ya nane haraka, kabla Mutunga hajazinduka. Yeye akasema kwa unyonge kwamba ataridhika na robo. Musimbi vilevile.

Nikapewa kitu kama ukucha!

Nanyama akahesabu kwa sauti: robo mbili ni nne za nane, ukiongeza ya mjomba ni tano. Zimebaki tatu za nane. Akazila. Mutunga akaniuliza kama nahitaji kijiti cha meno.

Uchungu na fahari vilikaa pamoja tumboni, palepale pa firigisi. Hesabu yote ile, bila karatasi!

Jumanne, 9 Oktoba

Kumi juu ya kumi! Haleluya! Darasa la nne harudi ng'o. Nzembi, tisa. Mungu anisamehe, nimezisoma alama kwa sauti mara tatu karibu na yale mabati. Mutunga akaja mwenyewe kumpa mtoto mkono, akasema atamtengenezea viatu. Moyo safi, yule mtu.

Nanyama alitaka kunieleza tena mambo ya nane na nne. Nikamwambia apumzike. Kisu ndicho kilichokuwa kibovu.

Usiku huu nimemwandikia Sella: mtoto ameshinda, tuma jogoo mwingine kwa basi tusherehekee. Safari hii sipunjwi na moja ya nane. Nitadai moja ya kumi na sita.

Barua nimeifunga hivi: dada yangu, tafadhali nijibu upesi.